Kidari cha Sajini Anaeli

Siku tatu baada ya kumzika Bibi Aikande, wanaume wa ukoo walichinja mbuzi wawili nyuma ya nyumba. Mimi nilitakiwa kuwa jikoni nikimenya ndizi na wanawake wenzangu, lakini nilijikuta nimesimama pembeni ya zizi, nikihesabu majani. Kwa msomaji ambaye hakukulia mlimani kwetu, naomba nieleze polepole, maana bila hili hutaelewa mengine. Mbuzi wa ukoo hakatwi ovyo. Majani ya mgomba hutandikwa chini kwa mstari, kila nyumba jani lake, na anayekata nyama huenda akiita majina, akiweka kila kiungo mahali pake kufuatana na nani alizaliwa kabla ya nani. Katika ukoo wetu kidari ni cha ndugu anayemfuata mkubwa. Hakuna daftari na hakuna anayekosea. Kijana akioa, akapewa kihamba chake, yaani shamba la urithi la migomba, anatandikiwa jani. Akifa, jani lake haliwekwi tena. Ukitaka kujua nani bado anahesabiwa kuwa hai kwetu, usisumbuke kwenda ofisi ya kijiji, subiri wachinje.

Majani yalikuwa kumi na manne. Aliyekata siku hiyo alikuwa Godlisten, baba yangu mdogo, ingawa tunalingana umri na tulichunga pamoja. Alirithi kisu cha baba yake. Alipofika jani la kumi na nne aliinua kidari, akafungua mdomo aite jina, akanyamaza. Alibaki na nyama mkononi, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, na wanaume wote wakatazama chini. Nitarudi kwenye ukimya ule. Kwanza lazima nieleze ilikuwaje jani la kumi na nne likawa la mwanamke. Jambo hilo halikuwahi kutokea kwetu kabla ya mwaka wa vita vya Uganda, mwaka ambao mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na cheo changu kilikuwa kuruta.

Sitaeleza kwa nini nilipelekwa kuishi kwa Bibi mwaka huo. Inatosha kusema nilimaliza darasa la saba, jina langu halikubandikwa ukutani pamoja na waliochaguliwa, na watu wa nyumbani waliona kwamba mtu anayelia namna ile apelekwe mahali ambapo hakuna nafasi ya kulia. Nyumba ya Bibi ilikuwa Machame, katikati ya migomba na kahawa, na ukiingia tu ulijua kwamba mwenye nyumba hakuzeeka kama mabibi wengine. Njia kutoka barabarani hadi mlangoni ilipangwa mawe pande zote mbili, yamepakwa chokaa, kama njia ya kwenda ofisi ya kamanda. Majembe yalisimama yameegemea ukuta kwa kufuata urefu. Ndani kulikuwa na kitanda changu chenye blanketi la kijivu lililokunjwa pembe, na ukutani picha moja ya Babu, Sajini Anaeli, amesimama kando ya lori, amekunja uso kama vile mpiga picha alikuwa amechelewa kazini. Alfajiri Bibi alipuliza filimbi. Siku ya kwanza nilidhani nyumba inaungua. Nilitoka nje na shuka, nikamkuta amesimama wima mbele ya ng'ombe wetu wawili. Ng'ombe walikuwa wamekwisha amka.

"Jina," alisema.

"Bibi, si unanijua? Mimi Manka."

"Kuruta Manka. Shuka si sare. Rudi ndani, vaa, utoke tena."

Alikuwa amemfuata mumewe katika kambi saba, wakati wanawake wengine wa mlimani walibaki kulima kahawa na kusubiri likizo. Aliniambia yote hayo jikoni, jioni tukipika, akiwa amekaa kwenye kigoda na miguu ameinyoosha karibu na mafiga. Kule Nachingwea dereva alipougua malaria, yeye aliendesha lori la jeshi kuwapeleka wake wawili wa askari kujifungua. Alikalia gunia la mchele ili aone barabara, na mwanamke mmoja nyuma alipiga kelele si kwa uchungu wa mtoto bali kwa hofu ya kona. Kule Tabora aliua nyoka kwa pasi ya mkaa, kisha akaendelea kunyoosha shati la Babu kwa pasi ileile, kwa sababu, alisema, ilikuwa bado ina moto. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alifikiri kidogo. "Niliogopa mkunjo wa shati. Kesho yake kulikuwa na ukaguzi." Siku zile nilicheka tu. Leo nadhani alikuwa ananifundisha kitu ambacho nami nimejaribu kuwafundisha wanafunzi wangu kwa miaka thelathini: ukiwa na hofu mbili, shika ile ndogo, ile inayoshikika mkononi, na kubwa itapita huku umeshughulika.

Babu alikuwa amestaafu vita vilipoanza, akaitwa tena kwa sababu walihitaji madereva wanaojua matope. Siku ya kuondoka alikunywa mbege nyingi kwa kaka yake, Babu Elisaria, akasimama juu ya benchi na kuuahidi ukoo mzima kwamba atarudi na kofia ya jemadari wa adui, na kwamba mtu yeyote atakayethubutu kumcheka kwa uzee wake atavalishwa kofia hiyo kinyumenyume. Barua zilikuja mbili, kisha Januari zikakatika. Tulisikiliza redio kwa balozi wa nyumba kumi. Redio ilisema tunashinda, haikusema Sajini Anaeli yuko wapi. Bibi alikwenda mara tatu ofisi ya jeshi mjini Moshi, na mara zote kijana aliyekuwa pale mezani alimwambia kwa upole asubiri.

Kisha ikaja Jumatatu ya Pasaka. Babu Elisaria alichinja, nasi tukaenda. Yeye alikuwa mtu mrefu, mkimya, mzee wa kanisa, mwenye kupenda mambo yakae kwenye mstari. Nadhani angeweza kuwa askari mzuri kuliko mdogo wake. Alitandika majani, akaanza kuita. Bibi alikuwa upande wa wanawake, amebeba sinia, lakini macho yake yalikuwa chini kwenye majani. Aliweka sinia.

"Shemeji," alisema, "naona majani kumi na matatu. Migomba imekwisha?"

Watu wakacheka kidogo. Babu Elisaria hakucheka. "Migomba ipo, Mama Sajini."

"Basi mnajua kuhesabu."

"Aikande, keti kwanza." Aliweka kisu chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Krismasi tulimkatia, ukala wewe. Kwenye ubatizo wa mtoto wa mwalimu tulimkatia, ukala wewe. Tangu Januari hakuna barua. Fungu la mwanamume lisiloliwa na mwanamume, tunalikata kwa ajili ya nani? Mimi ndugu yangu nimemlilia. Nimemlilia kimya ili nisikuumize."

 Bibi akatembea moja kwa moja katikati ya wanaume, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga wakati nyama inagawiwa, akainama kwenye jani la Babu Elisaria, ambako kidari kilikuwa kimewekwa juu ya fungu lake, akakichukua. Akakibana kwapani kama gazeti.

"Hiki nitampelekea mwenyewe," alisema.

Palikuwa na kelele. Mzee mmoja alisema hajaona jambo kama hilo tangu azaliwe, na mwingine akamjibu kwamba yeye haoni chochote tangu azaliwe, akae. Babu Elisaria ndiye aliyenyamazisha watu. Alisema maneno ambayo nilikuja kuyakariri, kwa sababu yalikuwa ndiyo mwaka wetu wote. Wiki saba mbele mwanawe Godlisten atapata kipaimara, na mbuzi watachinjwa. Siku hiyo Aikande atauonyesha ukoo kwamba kidari kimeliwa na mwenyewe. Akishindwa, ataleta mbuzi wa kosa, atasimama mbele ya wanaume ameshika jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, na ukoo utakaa kuamua kihamba cha Anaeli kitakuwa chini ya nani. Wote tulijua kitakuwa chini ya nani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapanga mambo kwenye mstari.

Njiani nilimuuliza Bibi tutampelekea vipi mtu ambaye hatujui aliko.

"Jeshi linajua aliko. Na jeshi linanijua mimi. Tembea, usiburute miguu."

Nyama mbichi haisubiri jeshi. Bibi alikipaka kidari chumvi yote tuliyokuwa nayo, chumvi ya mgao kutoka duka la kijiji, wakati ambapo watu walikuwa wanaazimana chumvi kijiko kwa kijiko, akakitundika darini juu ya mafiga. Wiki tatu tulikula ng'ande za mahindi na kiburu cha ndizi bila chumvi huku nyama ikining'inia juu yetu, ikiwa nyeusi zaidi kila siku, na Bibi akiitazama kila mara kabla ya kula kama watu wengine wanavyosali. Ilipokuwa ngumu kiasi cha kugonga mlango, aliifunga kwenye gazeti, akaiweka chini kabisa kwenye begi la turubai la Babu, akavaa koti la jeshi lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na tukashuka kwa mguu hadi soko la Kwa Sadala kutafuta gari. Mpango wake aliueleza waziwazi: tukifika Moshi tutatafuta lori lolote la jeshi linalokwenda upande wa vita, tutapanda. Nilisema hawatakubali. Alisema kule Nachingwea pia hawakukubali.

Siku hiyo ilikuwa siku ya soko, na nilijifunza kwamba kidari kilichokauka kina harufu ambayo binadamu huivumilia na mbwa hawawezi. Mbwa wa kwanza alitufuata kutoka kwa wauza mahindi. Tulipofika barabarani walikuwa sita, wanatembea nyuma ya Bibi kwa mstari, na wauzaji waliacha kazi wakatutazama. Bibi hakugeuka. "Wangapi?" aliniuliza. Nikamwambia. "Kikosi kidogo," akasema, na akasimamisha lori la mahindi kwa kuinua mkono mmoja, kama trafiki. Dereva alituchukua, nadhani, kwa sababu hakuwa na hakika kama yule si ofisa.

Mjini Moshi tulizunguka siku nzima. Bibi alimsimamisha kila mtu aliyevaa sare, hata mlinzi wa kiwanda. Mchana nilichoka nikaanza kulia, na yeye, badala ya kunikemea, alisema twende mtaa wa Majengo tukatafute chai, kwamba hata jeshi kubwa hupumzika. Tulikuwa tunapita mbele ya baraza la fundi cherehani, karibu na msikiti, aliposimama ghafla nikamgonga mgongoni. Kwenye kamba kulikuwa na suruali ya kijeshi imeanikwa. Ilikuwa suruali kama nyingine zote, isipokuwa mguu mmoja ulikuwa umepasuliwa kutoka chini hadi gotini, na makalioni kulikuwa na kiraka cha kijani chenye maua.

"Kile kiraka," Bibi alisema taratibu, "ni pazia langu la Tabora."

Fundi, mzee mmoja anayeitwa Rajabu, aliinua uso kutoka kwenye cherehani, akamwona, na akafanya kosa la kutazama mlango wa chumba cha nyuma kabla ya kusema shikamoo. Bibi alikwisha pita.

Babu alikuwa amekaa kitandani, amevaa msuli, mguu wa kulia umefungwa hogo jeupe la plasta hadi kwenye paja, anakula uji. Alipomwona mkewe alijaribu kusimama wima, akashindwa, akabaki nusu. Ndipo alipofungua mdomo, na mimi nikaona kwamba meno manne ya mbele hayapo.

"Sajini," Bibi alisema.

"Aikande."

"Ripoti."

Naye akatoa ripoti, kichwa chini, na mimi nimesimama mlangoni na begi. Hakupigwa risasi. Hakuona hata kofia ya jemadari. Walikuwa bado upande wetu wa mpaka, wanashusha magunia ya maharage, vijana wakawa wanashuka kwenye lori kwa ngazi, naye akawaambia enzi zake askari hawakushuka kwa ngazi. Akaruka kuwaonyesha. Hospitali ilimtibu vizuri, jeshi lilimpa ruhusa arudi nyumbani, na alifika Moshi wiki tano zilizopita. Kutoka Majengo unauona mlima ukiwa wazi, na kila asubuhi aliutazama kupitia dirisha la Rajabu, rafiki yake wa zamani jeshini, akashindwa kupanda. Barua hakuandika kwa sababu kuandika uongo hakuweza na ukweli haukuandikika. Alitaka hogo litolewe, apate meno ya kubandika, ndipo atokee barabarani akitembea kama mtu.

Nilisubiri Bibi apige kelele. Hakupiga. Alikaa kitandani pembeni yake, akakaa muda mrefu, mabega yakaanza kutetemeka, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Kisha kweli akalia kidogo, akajifuta kwa koti la jeshi. Halafu akaniambia nifungue begi.

Babu alikipokea kidari kwa mikono miwili. Alielezwa habari yote: majani kumi na matatu, kaka yake, wiki saba, isale. Alikigeuzageuza, akakigonga kwenye ukingo wa kitanda, kikatoa mlio.

"Mke wangu," alisema, "hiki hata ningekuwa na meno yote ya ukoo."

Basi Bibi akaingia jikoni kwa Bi Zaina, mke wa fundi. Walikipiga kidari kwa mchi kwenye kinu kwa zamu mpaka jirani mmoja akaja kuuliza kama tunajenga. Walikichemsha hadi alasiri. Bi Zaina alitaka kutia nazi na pilipili manga. Bibi alisema mtori hautiwi nazi. Bi Zaina alisema jiko ni la nani. Wakakubaliana kwamba nazi itatiwa kwenye wali wa kesho. Mtori, kwa ambaye hajaujua, ni ndizi zilizopondwa na nyama laini hadi unywe kwa bakuli, na mlimani ndicho chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua. Mzee Rajabu alipoona sajini wake amewekewa bakuli, akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Babu alimtazama kama anavyotazama kwenye ile picha. Kisha akanywa funda la kwanza, akafumba macho. 

"Aikande," alisema, "chumvi imezidi. Na ndizi mmezitoa mapema. Kwa nini mnazitoa mapema kila siku?"

Akanywa mabakuli matatu.

Tulipoondoka asubuhi iliyofuata alituomba tusiseme. Wiki nne tu, alisema, hogo litoke. Bibi alimkumbusha kwamba kipaimara ni wiki nne kamili, na kwamba kihamba chao kilikuwa kwenye mizani. Babu alitazama dirishani. Hakusema kitu, na hilo lilikuwa ndilo ombi lenyewe. Bibi alichukua mifupa ya kidari, akaiosha, akaifunga kwenye gazeti.

"Sitasema uko wapi wala una nini," alisema. "Kuruta?"

"Sitasema yuko wapi wala ana nini," nikasema.

Kwenye lori la kurudi nilimuuliza kwa nini. Angeweza kumleta kwa mkokoteni na mambo yakaisha. Alifikiri hadi tulipovuka mto. "Mimi watanicheka siku moja," alisema. "Yeye watamcheka mpaka afe. Halafu atakuwa ananuna ndani ya nyumba yangu."

Siku ya kipaimara mvua ilikatika asubuhi. Godlisten alikuwa amevaa koti la suti lililomzidi mikono, ametulia kama sanamu ya dirisha la duka. Bibi alifunga mbuzi wetu jike kwenye mgomba karibu na uwanja, kwa sababu alikuwa mtu wa kujiandaa, na ndani ya kanga alificha jani la isale. Nililiona. Majani yalitandikwa, kumi na matatu. Babu Elisaria aliuliza mbele ya wote kama Aikande ana la kuonyesha. Bibi akafungua gazeti, akaweka mifupa chini.

"Fungu limeliwa na mwenyewe," alisema.

"Yuko wapi?"

"Sikuagizwa kuleta aliko. Niliagizwa fungu liliwe."

"Mifupa hii hata mbwa wangu angeisafisha hivi," alisema mzee aliyeambiwa siku ile haoni, na wanaume wakacheka.  Nilimwona Bibi akiingiza mkono ndani ya kanga, polepole, kutafuta isale. Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo, nimesimama mbele ya wakaguzi na mbele ya wazazi wenye hasira, lakini hakuna kilichonishtua kama ule mkono. Mwanamke aliyeendesha lori akiwa amekalia gunia alikuwa anakwenda kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, ili mume wake asichekwe kwa kuruka kutoka kwenye lori.

Ndipo Babu Elisaria aliponigeukia. "Na wewe mtoto. Ulikwenda naye?"

 Bibi hakunitazama, alitazama mbele kama yuko kwenye gwaride. "Ndiyo, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Ulimwona babu yako kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Yuko wapi?"

"Nimeahidi nisiseme."

Manung'uniko. Babu Elisaria aliinua mkono. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu, na nikaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu, kwamba huyu mzee alikuwa anaogopa jibu langu kuliko mimi. "Basi niambie kitu kimoja," alisema. "Alipokula, alisema nini?"

Hilo sikuwa nimeahidi. "Alisema chumvi imezidi," nikasema. "Na ndizi tumezitoa mapema. Akauliza kwa nini tunazitoa mapema kila siku."

 Kisha shangazi mmoja upande wa wanawake akatoa mlio, mzee asiyeona akasema "Anaeli huyo," na uwanja mzima ukaangua kicheko, maana hapakuwa na nyumba katika ukoo ambayo Babu hakuwahi kula na kusema maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo, kabla ya kuomba kuongezewa. Hakuna mtu angeweza kuyatunga. Babu Elisaria alinyooka. Alikwenda kwenye mgomba, akakata jani jipya, akalifuta maji ya mvua kwa mkono wa shati lake la kanisani, akalitandika mwisho wa mstari. Kisha akasimama ametupa mgongo muda mrefu, akasema moshi umemwingia machoni. Moto ulikuwa upande mwingine.

Aliweka kidari juu ya jani, akaita. Hakuita jina la ndugu yake. Aliita, "Aikande, njoo uchukue."

Njiani kurudi nyumbani, mbuzi wetu akitufuata, Bibi alisimama kati ya mawe meupe, akatoa isale kwenye kanga, akalipanda kwenye udongo. Halafu akaninyooshea koti na kola. "Koplo Manka," alisema. Babu alirudi mwezi uliofuata, anachechemea kwa fimbo, na meno mapya yaliyomfanya aonekane amekasirika hata alipofurahi. Hadithi yake ilianza na lori, ikakua kila Krismasi, na ilipofikia daraja na mabomu Bibi alikuwa ananitazama upande mwingine wa mafiga, anaendelea kukoroga. Hakumsahihisha hata siku moja hadi Babu alipofariki. Baada ya mazishi hayo jani la kumi na nne liliendelea kutandikwa, na hakuna mwanamume aliyeuliza kwa nini.

Kwa hiyo siku ile ya juzi, Godlisten alipobaki na kidari mkononi, nilijua anachokitafuta. Kwa sheria alitakiwa aondoe jani. Alikuwa mzee mwenye mvi, lakini niliona kijana wa kipaimara mwenye mikono mirefu ya koti. Akanitazama.

"Dada Manka," alisema, ingawa kwa haki mimi ni mwanawe, "Bibi alikula wapi mara ya mwisho?"

"Kwangu Moshi, wiki mbili kabla. Mtori."

"Alisema nini?"

Wanaume wakainua nyuso.  "Alisema haikuwa na chumvi kabisa," nikasema, "na kwamba Anaeli angekufa mara ya pili."

Walicheka kwa namna ambayo watu hucheka msibani, wakishikana mabega. Godlisten hakuondoa jani. Aliinama, akaweka kidari katikati yake, akaita jina langu, na mimi nikatoka pembeni ya zizi, nikatembea katikati ya wanaume kwenda kulichukua fungu, bila kuburuta miguu.